Uzi na Kibuyu

Niliposikia tarumbeta, nilimtafuta mpigaji. Ilikuwa Jumamosi usiku, mwezi Julai, katika ukumbi mmoja wa Mwanjelwa, na baridi ya Mbeya ilikuwa imewafanya wageni wa harusi wakatae soda za barafuni. Jukwaani niliona dramu, dada mwimbaji, na kijana wa sweta la kijivu aliyeshika gitaa la besi. Tarumbeta hakuna. Lakini lilikuwa likilia, tena lile la shaba la Wamoravian alfajiri ya Pasaka, na kila lilipopanda, vidole vya yule kijana vilipanda nalo. Wimbo uliofuata, vidole vilevile, juu ya nyuzi zilezile nne, vilitoa ngurumo ya kinanda kikubwa cha kanisani. Pembeni yake, juu ya stuli, palikuwa na laptopu yenye ufa kwenye kioo.

Wakati wa mapumziko nilimfuata. Alisimama, akaniamkia, akanionyesha bila maringo. Chini ya nyuzi amefunga pikapu ya pili inayousikiliza kila uzi peke yake. Kisanduku kidogo kinageuza mguso kuwa namba, na programu iliyomo kwenye laptopu inazipa namba hizo sauti. Lugha ya namba hizo inaitwa midi. Watengenezaji wa Marekani na Japani waliafikiana juu yake mwaka 1983. Humo, E ya chini kabisa ya besi ni namba 28, na nguvu ya kidole hupimwa hadi 127. Mitambo niiachie hapo, maana si mitambo iliyonikosesha usingizi usiku ule.

"Hii haina huruma, mzee," aliniambia, akiigusa laptopu. "Ukigusa uzi kwa bahati mbaya, yenyewe inapiga. Ukiusahau uzi unaunguruma, yenyewe inaendelea kupiga."

Na haina haraka pia. Uzi mnene wa E hutikisika mara 41 kwa sekunde, kwa hiyo mtikisiko mmoja tu unachukua karibu milisekunde 24, na mashine lazima iusikie kwanza ndipo ijue ni noti gani. Uzi mnene unachelewa, na mcheza dansi anausikia uchelewaji huo kwenye magoti kabla hajausikia masikioni. Dawa ya kijana ni kuzipiga noti nzito juu ya shingo ya gitaa, kwenye nyuzi nyembamba, kisha programu inazishusha oktava moja. Sauti yenyewe ya besi anaiacha kidogo itangulie, ule mkwaruzo mfupi wa kidole, halafu tarumbeta linakuja kukaa juu yake.

Aliporudi jukwaani nilisogea karibu nikatazame mikono. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kimelala juu ya uzi wa E, na kila alipohamia uzi wa juu yake, gumba lilimfuata nyuma likizima alikotoka. Vidole vya kushoto visivyobonyeza noti vilikuwa vimelala juu ya nyuzi nyingine, vyepesi, kama mkono wa mama juu ya mtoto aliyesinzia. Nusu ya kazi ya mikono ile ilikuwa kunyamazisha.

Mikono ile niliijua.

Miaka ya 1980 Iringa ilikuwa na bendi ya kujivunia, Tancut Almasi, mali ya kiwanda cha kukata almasi, na wale pacha, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, waliufanya mji wetu wa baridi usikike nchi nzima. Bendi niliyobebea spika mimi ilikuwa mbali chini ya hapo. Haikuwahi kurekodi hata wimbo mmoja. Mpiga besi wake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Kihesa, mpole, asiyependa kuitwa mwanamuziki. Kabla ya dansi aliinama nyuma ya jukwaa mbele ya jiko la mkaa, akapasha vidole kimoja kimoja, mbele na nyuma, kama mtu anayechoma mahindi na hataki yaungue. Wenzake walikuwa wakivuta sigara na kuitana. Yeye hakumsemesha mtu mpaka vidole viwe tayari.

Nyuzi za besi zilikuwa hazipatikani madukani. Jumapili alizifungua zote nne, akazikunja duara, akazichemsha katika sufuria ili jasho na mafuta ya mwezi mzima vitoke, kisha akazianika kwenye kamba ya nguo katikati ya mashati yake. Zikikauka zilikuwa zinalia upya. Sijui nyuzi zile zilichemshwa mara ngapi. Najua kwamba mtu anayezichemsha nyuzi zake hazipigi ovyo.

Alinifundisha kwa swali moja. Ananikalisha sakafuni, ananiambia nifumbe macho, anapiga, anauliza: "Nyuzi ngapi?" Nikisema mbili, anakunja uso, kwa sababu alikusudia moja. Anarudia. Nikisema moja, anatikisa kichwa na kusema, "Haya, twende." Ilichukua wiki nzima kabla ya zamu yangu, na nilipopewa gitaa, yeye ndiye aliyefumba macho. Siku ile alihesabu tatu.

Enzi zile mpiga besi wa bendi ya Msondo, Suleiman Mwanyiro, alipewa jina la Computer. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kuiona kompyuta. Tulichojua ni kwamba ni kitu kisichokosea, na sifa hiyo tukampa mtu mwenye vidole.

Wapo watakaosema kijana wa Mwanjelwa anadanganya, kwamba besi ilie besi na tarumbeta lilie tarumbeta. Siwaafiki. Wahehe wana ligombo, uzi uliopitishwa huku na huku juu ya ubao uliofukuliwa kama kihori, na mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alipopita Iringa mwaka 1950 na mitambo yake ya kunasia sauti, ligombo lilikuwa miongoni mwa aliyoyarekodi. Uzi wa ligombo peke yake una sauti ya mbu. Kibuyu kinachofungwa kwenye ligombo ndicho kinachoukopesha kifua. Hakuna aliyewahi kumwambia mpiga ligombo kwamba sauti ile si yake ni ya kibuyu. Laptopu yenye ufa ni kibuyu, na uzi bado unaguswa na mtu.

Kinachonichoma ni kingine. Katika kanisa ninalosali, besi ya kwaya imetundikwa msumarini chumba cha nyuma, imebaki na nyuzi mbili. Kinanda kilipoletwa tulishangilia. Ukibonyeza kitufe kimoja, besi, dramu na gitaa vinakuja vyenyewe. Mazoezi ya siku tatu yakawa ya siku moja. Hakuna aliyemfukuza mpiga besi. Aliacha kuitwa tu, na sisi tuliojua kuhesabu nyuzi kwa kufumba macho tukakaa kwenye mabenchi tukipiga makofi.

Nilimuuliza kijana nani alimfundisha kuzizima nyuzi namna ile. Nilitegemea jina, mzee fulani wa Sokomatola au wa Uyole, nimtafute nimsalimie. Akaelekeza kidevu kwenye stuli. "Yenyewe, mzee. Nilikuwa nachafua, inachafuka. Miezi minane peke yangu chumbani." Miezi minane. Katika mji wenye wazee waliopiga dansi mpaka asubuhi, mashine iliyotengenezwa mbali ndiyo iliyopata muda wa kumuuliza nyuzi ngapi.

Walikuwa katikati ya wimbo wa nne, chemko limeanza kupanda, mshereheshaji alipomwashiria fundi mitambo. Keki ilikuwa inaingia. Flashi ikachomekwa, muziki mwingine ukafunguka juu yao, dada mwimbaji akashusha kipaza sauti, mpiga dramu akatoa simu yake. Kijana hakuzima laptopu. Aliweka kiganja juu ya nyuzi zote nne zisiungurume, akasimama hivyo hivyo. Maharusi walikata keki, walilishana, walilisha wazazi wa upande huu na wa upande ule, na nilipogeuka kumtazama tena alikuwa bado amezishika.