Hema Kwenye Mchanga wa Kolo

Mliotazama video za msafara wa Arusha–Dodoma mnajua ninakokwenda. Saa kumi na moja jioni, upande wa Kolo, kundi linaacha lami, linakokota baiskeli kichakani, na kiongozi ananyoosha kidole katikati ya korongo: tulale hapa. Mchanga laini, hakuna miba, maji yanazama yenyewe. Watu wakashangilia. Ulikuwa uamuzi wa hovyo, na mtu aliyelala Kondoa msimu wa mvua hata mara moja asingeufanya.

Tuwape haki yao: mteremko wa Bereko kwenye utelezi waliushuka vizuri: nafasi ya kutosha kati ya mtu na mtu, breki kabla ya kona.

Turudi korongoni. Mvua ilikuwa imekatika pale walipo, lakini nyuma ya kiongozi, kwenye video hiyohiyo, vilima vimezama kwenye wingu jeusi. Korongo halina habari na mvua ya utosini kwako. Linangoja iliyonyesha huko juu. Na vilima vya Irangi vina historia. Mmomonyoko ulivila hadi Serikali ikaanzisha mradi wa HADO wa kuhifadhi ardhi mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikahamishwa kutoka eneo lililoharibika zaidi. Ardhi iliyochunika hivyo hainywi maji, inayateremsha tu. Sasa simamisha video, utazame mgunga ulio kushoto. Nyasi kavu na mfuko wa rambo vimenasa matawini, usawa wa kifua cha mtu mzima. Nani alivipandisha, nyani? Ukingo umekatwa wima, mizizi inaning'inia. Hapo ndipo maji ya mwisho yalipofika, na mahema yakasimamishwa chini yake.

Vigingi havikushika mchangani, kwa hiyo kamba zikafungwa kwenye baiskeli zilizolazwa. Maji yalipokuja saa nne usiku yakaburuta vyote pamoja. Mahema mawili yamekwenda, jiko la gesi limekwenda, na begi la kerieri lenye nguo zote za mwenzetu mmoja. Watu walipona kwa sababu dada mmoja alisikia mvumo akapuliza filimbi, si kwa sababu ya mpango wowote.

Mtasema walichelewa na giza lilikuwa linaingia. Walichelewa kwa nini? Madigadi! Kila msafara napiga kelele hizi, na kila msafara vijana wanayafungua ili baiskeli ziwe nyepesi. Tope la mchanga likarukia minyororo na breki, wakasimama mara mbili kubadilisha viatu vya breki, saa nzima ikapotea njiani.

Hata hivyo shule ya msingi ilikuwa kilomita tatu nyuma, uwanja umeinuka, madarasa yana baraza pana. Waliipita bila kupunguza mwendo, kwa kuwa kiongozi alitaka usiku wa porini upendeze kwenye kamera. Wazee wetu wa baiskeli za Phoenix walipita barabara hii ikiwa vumbi na tope tupu. Kwenye kijiji cha mwisho kabla ya jua kuzama walimtafuta mwenyekiti, wakajitambulisha, wakasaini daftari la wageni, wakaonyeshwa pa kulala. Simu ya kuwaonyesha ramani hawakuwa nayo, kwa hiyo waliuliza. Yule Mpolandi, Kazimierz Nowak, aliondoka Tripoli mwaka 1931 kwa baiskeli, akafika ncha ya kusini ya Afrika, akarudi hadi Algiers mwaka 1936, na pale baiskeli iliposhindwa akapanda farasi, ngamia na mtumbwi. Safari ya miaka mitano huimalizi ukiwakwepa wenyeji.

Nasikia kiongozi huyohuyo amekabidhiwa kipande cha Dodoma hadi Iringa, kupitia Mtera. Kamati imnyang'anye kamera, impe namba za wenyeviti wa vijiji, na imkague madigadi kabla hajatoka getini.