Frida: Mkasi Umeipokonya Brashi Kazi

Katika filamu yake Frida, Julie Taymor alikosea pale kwenye nywele. Mmeiona wenyewe: Salma Hayek, suti ya kiume, mkasi, nywele zinaanguka, na tukio zima linageuka ile picha ambayo Frida Kahlo alijichora mwaka 1940. Uhariri ni safi. Uamuzi ni mbovu.

Mtazamaji anatoka akiamini kwamba Frida Kahlo alilia, machozi yakakauka, yakawa rangi. Wapi! Picha ile ni ya rangi ya mafuta kwenye turubai, haifiki nusu mita kwa urefu. Nywele zimetapakaa sakafuni, kila shungi limechorwa likaeleweka. Juu kuna maneno ya wimbo pamoja na noti zake. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu anayepiga mayowe. Hufanywa baadaye, mkono umetulia, jicho linapima, kosa linafutwa na kurudiwa. Tiba ilikuwa humo, kwenye kurudia, na filamu imeruka papo hapo.

Ugonjwa huo umeienea filamu nzima: picha zinakuwa watu, watu wanakuwa picha, kama vile hakuna jasho katikati. Hata Frida akiwa kitandani, baada ya ajali yake ya basi ya Septemba 1925, mambo yanakwenda mbio: plasta, vipepeo, stendi ya kuchorea, halafu huyo anamfuata mchoraji Diego Rivera. Binti aliyetaka kuwa daktari alijifunza kazi mpya akiwa amelala chali, kioo juu ya kitanda. Mwaka 1938 mwigizaji Edward G. Robinson akanunua picha zake nne, dola 200 kila moja. Safari hiyo ilihitaji subira ya kamera.

Muziki wa Elliot Goldenthal na upambaji wa sura vilipata Oscar. Haki yao.



Lakini subira hiyo wazee wa sinema waliijua. Clouzot mwaka 1956 alituonyesha Picasso mstari kwa mstari. Rivette, mwaka 1991, aliuazima mkono wa mchoraji Bernard Dufour akauacha ukwaruze karatasi mpaka tukasahau kuna mwigizaji.

Atakayefuata kutengeneza filamu ya mchoraji amtafute mchoraji wa kweli, aielekeze kamera kwenye vidole vyake dakika kumi, na mhariri afungiwe nje.