Mchongo Ukibuma: Filamu ya Wizi Mikononi mwa DJ wa Kibanda Umiza

Katika filamu ya wizi wa kuchekesha, kicheko hupandwa mapema sana kabla hakijasikika. Mwenye akili ya mchongo hukusanya watu wake, akatandaza ramani, akaeleza nani ataingilia wapi na kwa dakika ngapi. Mtazamaji ambaye hakuyashika maelezo hayo hatacheka mambo yakiharibika, maana hatajua kama yameharibika. Hapo ndipo DJ anayetafsiri muvi kwenye kibanda umiza, awe Chang'ombe au Nkuhungu hapa Dodoma, anapopatia au anapochemsha.

Tuchukue Happy New Year ya Farah Khan, iliyotoka Oktoba 2014. Stelingi ni Shah Rukh Khan, anaitwa Charlie. Anataka kuiba almasi za Charan Grover katika hoteli ya Atlantis, Dubai, kulipiza kisasi cha baba yake. Ili kundi lipate vyumba mle hotelini, linajiandikisha kwenye mashindano ya dunia ya kudansi, nalo kudansi halijui.

Ufundi wa mwongozaji uko kwenye kasoro. Kila mwizi anaingia na yake, nasi tunaoneshwa mapema. Jag, mtu wa mabomu, ana sikio moja lisilosikia. Tammy, fundi wa kufungua sefu, ana kifafa (kumcheka mgonjwa wa kifafa ni kicheko cha bei poa, na filamu inakirudia mno). Nandu ni mlevi, lakini hafukuziki, kwa sababu sura yake na ya Vicky, mtoto wa Grover, ni moja. Abhishek Bachchan anawaigiza wote wawili. Yaani mtu asiyeaminika kuliko wote ndiye mpango mzima unayemtegemea. Mtazamaji aliyekulia kwenye hadithi za Sungura na Fisi hahitaji kufundishwa zaidi.

Sasa mtafsiri. Tangu enzi za kanda za VHS, mtafsiri Lufufu na waliomfuata walituzoesha tafsiri isiyofungwa na maneno ya mwigizaji: DJ anashusha sauti ya filamu, anashika maiki, anaeleza, anatania, anamsema adui. Kwa muvi za mapigano mtindo huo unanoga, maana ukikosa sentensi mbili hujakosa kitu. Kwa muvi ya wizi, sentensi mbili zilizofunikwa na utani pale kwenye ramani zinaua nusu saa ya mbele.

Kuna kosa la upande wa pili pia: kuwahi. Katika I soliti ignoti ya Mario Monicelli, ya mwaka 1958, wezi wa Roma wanatoboa ukuta usiku kucha wafike kwenye sefu ya jirani. Ukuta unabomoka, wanajikuta wanatazama jikoni mwa nyumba ileile waliyomo. Wanakaa, wanakula tambi na dengu. DJ akitamka “wamekosea ukuta” kabla tofali la mwisho halijaanguka, kicheko cha wateja amekila yeye. Na Rififi ya Jules Dassin, ya 1955, ambayo Monicelli anaitania, ina wizi wa karibu nusu saa usio na neno wala muziki. Hapo maiki izimwe kabisa.

Happy New Year ina udhaifu ambao DJ mzuri anaweza kuuziba. Inakwenda karibu saa tatu, na mpango umekatwakatwa na nyimbo na kumbukumbu za zamani, hadi ukifika wizi wenyewe umeshasahau nani alipewa kazi gani. Wakati wa wimbo DJ huwa hana kazi. Huo ndio wakati wa kuukumbusha ukumbi mpango kwa maneno machache: Nandu kapewa hili, Jag lile, sefu iko pale. Mwongozaji hakuwapa watazamaji nafasi hiyo.

Kwa hiyo madijei, ramani ikitandazwa tafsirini kila neno, utani utasubiri. Mchongo ukianza kubuma, nyamazeni kidogo, watu wacheke wenyewe.