Kideri Kwenye Herufi ya 59

Mfugaji aliyeamka alfajiri akakuta kuku watatu wamekufa bandani haandiki insha. Anachomoa simu mfukoni, anaandika: kuku wanakufa ghafla dawa. Hakuna salamu, hakuna alama ya kuuliza, hakuna "naomba kufahamishwa". Ni maneno manne tu. Ukiyasoma kwa jicho la mhakiki utaona yamejipanga vizuri kuliko mwandishi wake alivyokusudia: kwanza mhusika, halafu tukio, halafu namna tukio lilivyokuja, na mwisho haja ya mwenye kuku. Kisa kizima kimo, na kimeachwa wazi ili mwingine akimalizie.

Kuandika ukurasa utakaokimalizia kisa hicho, na kuupanga ili injini ya utafutaji kama Google iukute, iuelewe na imfikishie aliyeuliza, ndiyo kazi ambayo watu wa mtandaoni wanaiita SEO. Anayeanza hufundishwa kazi hii kana kwamba ni ya fundi mitambo: neno hili lirudie mara kadhaa, kisanduku kile kijaze. Mimi naiona ni kazi ya fani. Darasani tulizoea kuzitaja pamoja, fani na maudhui, na kurasa zetu nyingi za Kiswahili hazina upungufu wa maudhui. Aliyeziandika anajua kuku. Kinachoziangusha ni fani, na fani yenyewe ni ile tuliyotoka nayo shuleni: insha yenye utangulizi, mwili na hitimisho.

Tuanze na kichwa. Hiki nimekitunga mwenyewe ili nisimnyooshee mtu kidole, lakini aliyewahi kutafuta habari za ufugaji kwenye simu atakitambua:

Fahamu Kuhusu Dalili, Sababu, Kinga na Tiba ya Ugonjwa wa Kideri kwa Kuku wa Kienyeji

Nimehesabu. Ukijumlisha herufi, alama na nafasi ni 85. Google haijaweka kikomo cha urefu wa kichwa, ila skrini ina upana wake, na kwa kawaida kinachoonekana kwenye orodha ya majibu ni herufi kama 50 hadi 60. Kinachozidi hukatwa na kuachiwa nukta tatu. Sasa litafute neno kideri. Linaanzia herufi ya 59. Mfugaji wetu anasoma kwamba kuna dalili, sababu, kinga na tiba ya ugonjwa wa, halafu anaziona nukta. Ugonjwa gani, hajui. Anapita.

Ukimwambia mwandishi afupishe, utakuwa umemsaidia nusu tu, kwa sababu tatizo limeingia ndani ya sarufi. Kiswahili hutanguliza neno kuu, kisha maneno ya kulifafanua hufuata yakishikana kwa a-unganifu: tiba ya ugonjwa wa kideri kwa kuku. Kila "ya" na "wa" inalisukuma jina la ugonjwa hatua moja kwenda kulia, kule mkasi uliko. Kiingereza hufanya kinyume, huweka kifafanuzi mbele, kwa hiyo jina la ugonjwa hutangulia bila mtu kuhangaika. Ndiyo maana mafunzo ya SEO yaliyotafsiriwa kutoka huko hayagusi jambo hili kabisa: kwao si tatizo.

Kwetu ni tatizo, lakini dawa yake tunayo tangu utotoni. Tunasema, "Mtoto huyu, mama yake yuko wapi?" Tunaitanguliza mada, tunapumua, ndipo tunaendelea. Katika kichwa cha ukurasa pumzi hiyo huandikwa kwa nukta mbili:

Kideri au Mdondo: Dalili na Ratiba ya Chanjo ya Kuku

Herufi 52, na jina la ugonjwa ndilo la kwanza. Tazama pia "au Mdondo". Wapo wanaouita ugonjwa huu kideri, wapo wanaouita mdondo, na mtu hutafuta kwa jina analolijua nyumbani kwake. Visawe tulivyovihesabu kuwa pambo la lugha hapa ni milango miwili ya nyumba moja, na mwandishi anayefungua mmoja tu amemwacha mgeni wa pili nje. Ndani ya ukurasa jina la Newcastle nalo litajwe angalau mara moja, kwa sababu mfugaji atalisikia kwa mtaalamu wa mifugo na kwenye duka la dawa.

Neno lililotoka ni "Fahamu". Lina ndugu zake: Zijue, Jifunze, Usiyoyajua. Zote ni sauti ya mtu anayeita wapita njia. Lakini aliyetafuta hakuwa anapita, amekuja mwenyewe na haja yake, na kumwita tena mtu aliyekwisha kuketi mbele yako ni kumpotezea muda na kula nafasi ya maneno yenye kazi.

Neno jingine lililotoka ni "Tiba". Hapa naomba tukae kidogo. Kideri husababishwa na virusi na hakuna dawa inayoutibu. Mwandishi wa kichwa cha kwanza pengine analijua hilo. Ameweka "Tiba" kwa kuwa watu wengi huandika "dawa ya kideri" au "tiba ya kideri", naye amefundishwa kwamba neno linalotafutwa sana ni lazima liwemo. Limo, basi, kama chambo. Mfugaji anabofya, bando lake linakatwa, anasoma aya sita, na katika aya ya saba anaambiwa tiba hakuna. Huo ni uongo wa fani hata kama kila sentensi ya ndani ni kweli.

Neno "dawa" lingeweza kutumika kwa uaminifu, na injini ingeliona vilevile. Linganisha sentensi hii ya kufungulia ukurasa: Kideri au mdondo ni ugonjwa wa virusi usio na dawa, kinga yake ni chanjo. Majina yote mawili yamo. Neno dawa, lile aliloliandika mfugaji kwa kidole kinachotetemeka, limo, na limejibiwa kwa kukanushwa. Huwa tunadhani kulitumia neno la mtafutaji ni kumkubalia. Si lazima. Unaweza kulichukua neno lake, ukamrudishia pamoja na ukweli asioupenda, na ukawa umemtendea wema kuliko aliyemwahidi.

Sentensi hiyo ina herufi 73. Nazitaja kwa sababu chini ya kichwa, kwenye orodha ya majibu, huwa kuna maelezo ya mistari kama miwili, yenye herufi zipatazo 150 hivi. Mwenye tovuti anaweza kuyaandika mwenyewe, lakini mara nyingi Google huyaacha na kuchota kutoka ndani ya ukurasa kile inachoona kinamfaa aliyeuliza. Sentensi fupi iliyokamilika huchoteka ikiwa nzima. Sentensi ndefu ya utangulizi huchotwa kipande, na kipande hakina maana.

Utangulizi wenyewe basi tuusome, huu nao wa kutunga:

Kuku ni ndege wanaofugwa na binadamu tangu enzi na enzi. Ufugaji wa kuku wa kienyeji una faida nyingi kwa jamii. Ufugaji wa kuku wa kienyeji hauhitaji mtaji mkubwa. Hata hivyo, ufugaji wa kuku wa kienyeji unakabiliwa na changamoto mbalimbali yakiwemo magonjwa.

Kwa mwalimu wa insha, sentensi ya kwanza ni sahihi: fasili kwanza. Lakini nani kati ya wanaofuga anahitaji kuambiwa kuku ni nini? Niliwahi kumsomea shangazi yangu ukurasa wa namna hii kwenye simu, yeye akiwa amepakata tetea mgonjwa. Nilipofika sentensi ya pili alinikatiza: "Ruka hapo mwanangu, tafuta panaposema dawa." Uhakiki wake nimeutunza mpaka leo, maana ndivyo kila msomaji wa simu anavyosoma. Anaruka. Na akiruka mara mbili bila kupata, anatoka.

Kisha hesabu maneno "ufugaji wa kuku wa kienyeji". Mara tatu katika sentensi nne. Kinachoniuma zaidi ni kwamba Kiswahili hakihitaji hilo hata kidogo. Una, hauhitaji, unakabiliwa: ile "u" iliyo katika kila kitenzi ni ufugaji wenyewe umerudi, umevaa nguo nyepesi. Upatanisho wa kisarufi ndio uzi unaoishona aya yetu, na ndio unaomruhusu mwandishi kusema: Ufugaji wa kuku wa kienyeji una faida nyingi, hauhitaji mtaji mkubwa, ila unasumbuliwa na magonjwa. Sentensi moja badala ya tatu, na hakuna kilichopotea. Anayelirudisha jina zima kila mara ili kuipendeza mashine anaukata uzi huo kwa mkono wake, na aya inabaki vipande vya nguo visivyoshonwa.

Tabia hiyo ina asili yake. Injini za miaka ya 1990 zilitegemea sana maneno yaliyomo ukurasani, kwa hiyo aliyerudia neno mara nyingi alipanda juu. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza njia nyingine: kuutazama pia mtandao wa viungo, nani anauelekezea ukurasa huu, na huyo naye anaelekezewa na nani. Kisanduku cha siri cha maneno muhimu, ambacho baadhi ya wakufunzi bado wanawahimiza wanafunzi wakijaze, Google ilitangaza Septemba 2009 kwamba haikitumii kupanga matokeo. Mwaka 2011 ilileta badiliko lililoitwa Panda, lililozishusha tovuti zenye makala duni yaliyoandikwa kwa wingi ili kuvuna wasomaji. Anayejaza maneno leo anacheza ngoma iliyokwisha kuanuliwa.

Viungo vina uzuri wake, na kwa mtu wa fasihi huenda hapa ndipo penye utamu. Katika andiko lao la 1998 Page na Brin waliona kwamba maneno yanayobeba kiungo mara nyingi huueleza ukurasa unaoelekezewa vizuri kuliko ukurasa wenyewe unavyojieleza. Yaani wengine ndio wanaokupa jina. Kijijini hali ni hiyohiyo: mtu anaweza kujiita atakavyo, lakini jina linalomfikisha mgeni mlangoni kwake ni lile la majirani. Sasa tazama sisi tunavyowaita wenzetu: "Kwa maelezo zaidi bofya hapa." Hapa wapi? "Hapa" ni kionyeshi kisichoonyesha kitu. Mashine haipati jina, na asiyeona anayesomewa na simu yake, akiruka kutoka kiungo hadi kiungo, husikia hapa, hapa, hapa. Andika "ratiba ya chanjo ya kideri" na ukifanye kirai hicho kuwa kiungo. Nomino na vifafanuzi vyake vinatosha, na mwenzako umempa jina.

Ukurasa usio na kiungo chochote kutoka kwingine una shida kubwa zaidi. Roboti za Google husafiri kwa kufuata viungo, zikisoma na kuweka kwenye faharasa. Ukurasa wa chanjo usiotajwa na ukurasa wa magonjwa, wala ukurasa wa mwanzo wa tovuti yako, unaweza kukaa miaka bila kugunduliwa. Uunganishe na nduguze.

Vichwa vidogo sivisemei sana: viwe maswali ya mfugaji, kwa maneno yake. "Kwa nini kuku anapinda shingo?" kinafaa. "Utangulizi" hakifai. Kuhusu picha, jina la faili linalotoka kwenye kamera likiwa namba tupu halimwambii mtu lolote. Liite kuku-amepinda-shingo-kideri, na katika nafasi ya maelezo mbadala ya picha andika kinachoonekana: kuku jike mwekundu amepinda shingo, mbawa zimelegea. Sentensi hiyo haionekani kwenye skrini, lakini ndiyo picha yenyewe kwa asiyeona, na kwa roboti pia. Mwisho, ufungue ukurasa kwa simu ya kawaida kabla ya kuuridhia, maana Google nayo husoma toleo la simu kwanza.

Narudi kwenye aya ya kufungulia, niimalizie kama ambavyo ningependa kuikuta siku ile nikiwa na shangazi:

Kideri au mdondo ni ugonjwa wa virusi usio na dawa. Kinga yake ni chanjo. Kuku wakifa ghafla, wakiharisha kijani au wakipinda shingo, watenge wagonjwa leo na umwite mtaalamu wa mifugo. Chanjo ya I-2 hudondoshwa jichoni, tone 1 kwa kila kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi 3.

Sentensi nne: ni nini, kinga yake ni ipi, ufanye nini sasa, ufanye nini baadaye. Wakati unasogea kutoka ukweli wa siku zote, hadi leo, hadi miezi 3 ijayo. Vitenzi wakifa, wakiharisha, wakipinda vinabeba "-ki-" ya sharti, kwa hiyo msomaji anavifananisha na banda lake mwenyewe bila kuambiwa "zifuatazo ni dalili". Faida za ufugaji na historia ya kuku zinaweza kufuata huko chini kwa mwenye nafasi.

Ndugu mwandishi, kama una ukurasa wa kideri wenye neno Tiba kwenye kichwa, ufungue leo ulitoe, na uiweke chanjo mahali pake.