Sikio la Fundi wa Mota

Ukitaja Kibirichia, mtu wa Meru anafikiria waru. Baridi ya mteremko huu wa Mlima Kenya inavifaa viazi, na habari za soko ni bei ya gunia. Nani anazungumzia mota ya kinu cha posho, au ya pampu inayopandisha maji shambani? Hutajwa siku zinapoungua. Mimi namsifu fundi anayeitwa kabla ya siku hiyo.

Chombo chake cha kwanza ni bisibisi ndefu. Ncha huigusisha kwenye kikombe kilichoshika beringi, mpini akaubana kwenye mfupa ulio karibu na sikio, kisha akatulia. Beringi nzima huvuma laini, bila kubadilika. Iliyokaukiwa grisi hulia kwa sauti nyembamba. Iliyochimbika hugonga, na kugonga huko kuna hesabu yake: beringi namba 6205, ya kawaida sana kwenye mota ndogo, ina gololi 9. Mota ikizunguka mara 1,450 kwa dakika, kovu moja kwenye ringi ya nje hukanyagwa na gololi hizo kama mara 86 kwa sekunde. Kompyuta huonyesha 86 kwa mchoro. Fundi hutambua tu kwamba mlio huo si wa mota yenye afya, naye hakosei mara nyingi.

Jaribio ninalolihusudu kuliko yote ni la kuzima stima. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na katika kila mzunguko sumaku huvuta chuma mara mbili. Kwa hiyo mvumo wa umeme ndani ya mota ni wa 100. Fundi akizima swichi, mtetemo uliotokana na umeme hukatika papo hapo ingawa shafti bado inazunguka. Ukififia taratibu pamoja na mwendo, kosa litafutwe kwenye chuma: puli isiyo na mizani, shafti zilizopishana, mguu wa mota uliolegea. Hapo hajafungua hata nati moja!

Kuna vifaa vya kisasa, na sivibezi. Mwaka 1939 mhandisi T. C. Rathbone alichapisha chati ya kupimia ukali wa mtetemo, na viwango vya kimataifa vikafuata njia hiyo. Kwa kiwango cha ISO 10816-1, kilichotumika hadi 2016, mota isiyozidi kilowati 15 ikitetemeka chini ya milimita 0.71 kwa sekunde ilihesabiwa kama mpya, ikipita 4.5 ilitakiwa izimwe. Kule Kindaruma kwenye Mto Tana, ambako umeme umezalishwa tangu 1968, hakuna wa kuikagua tabaini kwa bisibisi. Namba ina faida ambayo sikio halina: ya mwezi uliopita inaweza kuwekwa kando ya ya leo. Lakini namba peke yake haimwambii mwenye kinu kwa nini beringi imekufa tena.

Na hapo ndipo ufundi ulipo. Beringi mara nyingi haina hatia. Mkanda ulikazwa kupita kiasi kwa kuogopa usiteleze, au aliyeitia beringi aliigonga kwa nyundo kwenye ringi isiyostahili, ikaanza kazi ikiwa na makovu. Fundi ninayemsifu huvuta uzi mbele ya puli mbili na kutazama kama umegusa kingo zote nne. Usipogusa, husogeza mota kidogo, hukaza bolti zake, hupunguza mkanda, husikiliza tena.

Kulipwa kwa hilo ni taabu. Mwenye mashine ameona uzi na bisibisi, hajaona kipuri, naye huuliza pesa ni za nini. Ndiyo maana mafundi wengine hufunga beringi mpya isiyohitajika, ili risiti iwe na cha kuandikwa, na mkanda wakaurudisha umekazwa vilevile.