Sauti ya Utingo: Matatu na Mipaka ya Fasihi Simulizi ya Mjini

Uhakiki wa fasihi simulizi ya mijini nchini Kenya aghalabu umeichukulia matatu kama ubao wa maandishi. Misemo iliyochorwa ubavuni na nyuma ya magari hukusanywa, huainishwa kimaudhui, kisha hulinganishwa na majina ya kanga za pwani. Mkabala huu una manufaa yake, kwani kanga na matatu zote hubeba kauli fupi inayomsemesha mtu asiyetajwa. Hata hivyo, unamwacha nje fanani mwenyewe, yaani utingo.

Historia inathibitisha upungufu huo. Kanuni za uchukuzi zilizotangazwa mwaka 2003, John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, zilianza kutekelezwa Februari 2004. Pamoja na kudai vidhibiti mwendo na mikanda ya usalama, zililazimisha kila gari liwe na mstari wa manjano. Michoro na misemo mingi ikafutwa. Lau fasihi ya matatu ingekuwa maandishi matupu, ingalikufa wakati huo. Haikufa. Mwito wa utingo uliendelea kusikika vituoni, na michoro iliporejea katika mwongo uliofuata, iliikuta sauti hiyo ingali hai.

Tuchukue mathalani mwito "Wawili twende!" Kijuujuu, unadai kwamba vimebaki viti viwili tu. Abiria mzoefu wa njia ya 111 iendayo Ngong, au ya 46 iendayo Kawangware, anajua kuwa huenda vimebaki vinane, na kwamba baadhi ya walioketi wamekodiwa ili gari lionekane linakaribia kujaa. Hata hivyo, hupanda. Kauli hiyo basi si taarifa, wala si uongo mtupu, ni fomula, na hadhira huipokea kwa kuzijua kanuni zake, kama inavyoipokea "Paukwa!" ya mtambaji. Tofauti ni kwamba hapa "Pakawa!" huitikiwa kwa miguu. Mvua ikianza kunyesha, nauli hupanda na mwito hubadilika papo hapo: mbao iliyotangazwa asubuhi huwa hamsini jioni. Huu ni utunzi wa papo kwa papo unaotawaliwa na muktadha, na bodi la gari linalogongwa kumwashiria dereva asimame au aondoke ndilo ngoma yake.

Hata hivyo, sifa hizi zinahitaji kuwekewa mpaka. Ni desturi ya wahakiki kuisifu lugha ya matatu kuwa sauti ya wanyonge dhidi ya dola. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Tarehe 17 Novemba 2014 wanawake waliandamana jijini Nairobi baada ya mwanamke mmoja kuvuliwa nguo hadharani katika kituo cha matatu, kwa kisingizio cha mavazi yake. Tukio hilo lilifichua jambo ambalo orodha za misemo haziwezi kulifichua: mnyonge mbele ya dola aweza kuwa mwenye nguvu mbele ya hadhira yake. Hadhira ya mtambaji ikichoshwa au ikitukanwa, huondoka. Abiria wa kike saa mbili usiku hana uhuru huo. Sharti afike nyumbani, na njia ni hiyo moja. Kicheko chake hakiwezi kuhesabiwa daima kuwa ni ridhaa.

Kwa mintarafu hiyo, maandamano yale nayo yapaswa kusomwa kama sehemu ya matini: hadhira iliyozoea kuitikia kwa miguu ilitumia miguu iyo hiyo kukataa. Mhakiki anayenakili misemo akiwa kando ya barabara hawezi kuyaona haya. Sharti uhakiki wa matatu uanzie kitini, palipo na abiria aliyelipa nauli, na uulize kwanza ni nani anayesemeshwa, na kama ana nafasi ya kujibu.