Sikiliza Panapotetema

Anayetaka kumpima mwimbaji wa jadi wa Korea asianze na utamu wa sauti. Aanze na mtetemo: noti ipi inatetemeshwa, ipi inaachwa itulie. Kila eneo lina mahadhi yake, yaitwayo tori, na mtetemo ukikaa pasipo pake, hata sauti nzuri haiokoi wimbo.

Kusini-magharibi, huko Jeolla, noti tatu hubeba karibu kila kitu. Ya chini hutetemeshwa kwa nguvu na kwa upana, ya kati hunyooshwa bila kutikisika, ya juu huanza kwa kishindo na kuvunjika papo hapo, kama mtu aliyeshikwa na kwikwi ya kilio. Ndivyo ulivyo wimbo wa Yukjabaegi, na ndivyo lilivyo Ssitgimgut, tambiko la kisiwa cha Jindo la kumtakasa marehemu. Waganga wake wa jadi hurithi kazi katika ukoo, hawapagawi. Dhamana yao ni ufundi, kwa hiyo nawasikiliza kwa ukali zaidi. Mtihani uko kwenye noti ya kati. Mwimbaji dhaifu huitikisa nayo, akidhani anaongeza huzuni, kumbe anaimwaga. Ikitulia, ule mvunjiko wa juu unachoma. Koo lenye mkwaruzo hapa ni sifa.

Kaskazini-magharibi, Pyeongan na Hwanghae, mtetemo hupanda kwenye noti za juu na sauti hupitia puani. Mtindo huo umeishi Korea Kusini kupitia waliotoka kaskazini, akiwemo Kim Geum-hwa (1931–2019), mudang (mganga wa jadi) wa Hwanghae, wa aina ile inayopagawa. Gyeonggi, kandokando ya Seoul, wanataka wepesi na uangavu. Mtetemo mzito huko ni kasoro.

Pwani ya mashariki mudang huimba juu ya ngoma na upatu, kwa kawaida bila ala ya kumshikia lahani. Akiteleza, hana pa kujificha. Mahadhi yao, menari, hupenda kushuka.

Mahekaluni kuna beompae, uimbaji wa ibada ya Kibuddha. Mtawa Jingam (774–850) alirejea kutoka China ya Tang mwaka 830, akaifundisha katika hekalu la Ssanggyesa. Katika jitsori, aina moja ya beompae, watawa kwa pamoja huvuta silabi moja muda mrefu sana. Pima kama unazisikia pumzi zao zikipokezana. Hupaswi kuzisikia. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya beompae imejengwa juu ya menari, zoeza sikio pwani ya mashariki kwanza: utaitambua ile hatua ya kushuka hata ikicheleweshwa mno.